Ni Njiwa Tu

Njiwa wa kisiwani alipoteza ukoo wake siku ya Jumanne, kabla ya chai ya saa nne. Aliyemnyang'anya ni yule yule aliyempa, yaani Daktari, mwanamke mwembamba mwenye ofisi ya vyumba viwili pale lami inapoishia, ambaye hakuwa daktari wa kutibu mtu wala mbuzi. Watu wa mtaani walichukua muda kulielewa hilo. Mwanzoni walimpelekea kuku waliosinzia na watoto wenye homa, naye akawa anawaeleza kwa upole kwamba udaktari wake ni wa kujua ndege fulani ni nani, wa ukoo gani, na ndugu zake wako wapi. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaondoka na kuku wao wakijiuliza mtu anasomeaje jambo kama hilo.

Asubuhi ile aliwaita wafanyakazi wote wa mradi wake wa kumlinda njiwa huyo, yaani Mlinzi na mkewe. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Njiwa kwa kuwa ndiye aliyewalisha ndege wa kizimbani, alikuwa katikati ya usafi, basi Mlinzi akaenda peke yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya bango lenye picha ya njiwa mwenye shingo ya rangi ya kutu. Bango lilisema HAYUPO KWINGINE DUNIANI. Mlinzi alilipenda sana lile bango. Alikuwa na sare, buti na filimbi, lakini kilichompa ujasiri wa kusimama mbele ya wakata miti wenye mapanga ni maneno yale.

Daktari alieleza. Manyoya waliyopeleka maabara yamepimwa, na majibu yanasema njiwa wa kisiwani na njiwa wa bara ni ndege mmoja. Na njiwa wa bara ni wengi kupita kiasi, wakulima wanawafukuza kwa mawe. Alichora mti kwenye ubao, akafuta tawi moja, halafu akasimama akiangalia pale alipofuta. Mlinzi alielewa kila neno likiwa peke yake, lakini yakikusanyika pamoja yalimponyoka.

"Sasa Daktari, kama si yeye, ni nani?"

"Ni yeye. Ila si yule tuliyemdhania."

"Na hawa wa msituni ni wachache bado?"

"Ni wachache. Ila uchache wao sasa hauna maana." Daktari alivua miwani akaifuta kwa pindo la blauzi. "Usiniulize sana, Bwana Mlinzi. Hata mimi nimechanganyikiwa."

Alisema pia kwamba wafadhili wakishasoma majibu hayo watafunga mradi, maana hakuna anayetoa fedha kumlinda ndege anayefukuzwa kwa mawe kwingine. Mlinzi aliitikia, akashukuru, akatoka. Alikuwa amefika nusu ya njia ndipo akajiuliza alichokuwa anashukuru ni kitu gani.

*

Katika nyumba ya Mlinzi maneno hayakupita njia ya mkato. Tangu mwanawe Fundi afungwe, mama mkwe hakuwa amesema neno moja na mkwe wake, ingawa alikaa kwake, akalala kwake, na dawa zake za presha akanunuliwa naye. Kila kitu alikipitisha kwa binti yake, hata wakiwa wote watatu mezani. "Mwambie mumeo chumvi iko kwake." Mlinzi naye, kwa heshima ya ukwe, akajibu kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie mama hii hapa." Mama Njiwa, aliyekaa katikati, alichoka kuwa posta, lakini angefanyaje? Mmoja alikuwa mama yake, mwingine mumewe, na chumvi ilikuwa lazima ifike.

Fundi alikuwa mdogo wa mwisho wa Mama Njiwa, mtengeneza baiskeli, mcheshi, kichwa chepesi. Mama Njiwa ndiye aliyembeba mgongoni hadi akatembea. Mlinzi alimkuta msituni na njiwa wawili ndani ya gunia. Angeweza kugeuza uso, na mtaa mzima ulijua kwamba angeweza. Badala yake alipuliza filimbi, akampeleka kituoni kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu wiki moja kabla alikuwa amempeleka kijana wa jirani kwa kosa hilo hilo. Mahakamani Fundi alijitetea kwa sentensi moja. "Mheshimiwa," alisema, "ni njiwa tu." Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Alisema kuua ndege asiyepatikana kwingine ni kuiibia dunia nzima, akampa miaka.

Kwa hiyo Mlinzi aliporudi na habari za ofisini, akamweleza mkewe jikoni kwa sauti ya chini, mama mkwe aliyekuwa anachambua mchele mlangoni aliweka ungo chini.

"Mwambie mumeo arudie."

Mlinzi akarudia, akimtazama mkewe. Njiwa ni wa kawaida, hakuna ndege wa kisiwani, hajawahi kuwepo.

"Mwambie tena mumeo," alisema mama mkwe, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kama huyo njiwa hajawahi kuwepo, mwanangu yuko ndani kwa kosa gani?"

Mlinzi alifungua kinywa aseme "mwambie mama", akaishia kuinama na kufungua kamba za buti.

*

Kizimba kilikuwa nyuma ya ofisi, chumba kirefu cha nyavu kilichogawanywa kwa mlango katikati. Upande mmoja walikaa njiwa wa kisiwani, upande wa pili njiwa wa bara ambao Daktari aliwaleta kwa meli kuwa walezi. Maana njiwa wa kisiwani akifungiwa hutaga halafu akasahau, basi mayai yake yaliwekwa chini ya wale wa bara, nao waliyaatamia na kulisha makinda bila kuuliza ni ya nani. Mama Njiwa aliwapenda walezi hao kuliko hata wenye mayai. "Mtoto ni wa aliyemlea," aliwaambia wageni waliokuja kupiga picha, na hakuwa anatania. Siku za usafi aliacha mlango wa katikati wazi, ndege wakachanganyikana, naye akaona ni vizuri watu wakitembeleana.

Asubuhi ya Jumatano alikuwa anafagia upande wa walezi. Fagio lilikusanya manyoya mepesi ya kijivu, akainama kuyazoa, akabaki vile vile ameinama. Alikuwa amekumbuka zile bahasha.

Daktari aliagiza manyoya ya ndege wa msituni tu, wanaswe kwa wavu, wang'olewe kifuani, waachiwe. Mlinzi alishinda msituni kwenye mvua mfululizo, akapata kidogo, akarudi na homa iliyomlaza kama gogo. Bahasha zake zilikuwa zimelowa. Mama Njiwa aliyaanika manyoya dirishani, upepo ukayabeba mengine, akayaokota aliyoyaona, na yale aliyookota yakawa machache. Gari la kuchukua mzigo lilikuwa njiani. Basi akaenda kizimbani akajazia, akichagua yaliyo masafi, na upande wa walezi ndiko sakafu ilikokuwa kavu. Hakuona kama ni udanganyifu. Ilikuwa kama kujazia kibaba cha mchele kwa mchele wa jirani. Wote aliwalisha yeye, nafaka ile ile, kwa mkono ule ule.

Alimwambia mumewe mchana huo, chumbani, pazia limeshushwa.

"Yale manyoya hayakuwa yako yote."

Mlinzi alikuwa anang'arisha buti ambazo huenda asingezivaa tena. Aliendelea kusugua. "Mengine ya nani?"

"Ya kizimbani. Ulikuwa unaweweseka kitandani, gari linapiga honi. Nikajazia."

"Ya upande gani?"

"Wa walezi. Nadhani. Ndege walikuwa wamechanganyikana."

"Mangapi?"

"Sijui."

"Nusu? Robo?"

"Nimekwambia sijui. Yalikuwa manyoya, mwenzangu, nani anahesabu manyoya?"

Mlinzi aliweka buti chini. "Kwa hiyo waliowapima huenda ni walezi."

"Huenda."

"Na huenda ni wa msituni, na majibu ni ya kweli."

"Huenda pia."

Walikaa kitandani bega kwa bega wakitazama ukuta. Jambo lenyewe lilikuwa wazi na halishikiki. Wakisema, vipimo vitarudiwa, pengine njiwa atarudishiwa jina lake, mradi utabaki, kazi itabaki, na Fundi atabaki ndani. Wakinyamaza, Fundi atatoka, na msitu utabaki hauna mwenyewe. Mama Njiwa alimtaka ndugu yake kiasi kwamba aliota anasikia kengele ya baiskeli. Lakini wale ndege nao aliwatoa kwenye mayai, na hakujua mtu anapimaje vitu hivyo viwili kwenye mizani moja. Mlinzi alisumbuliwa na jambo jingine. Ukweli ulikuwa unamfaa yeye: ungemwachia sare yake, na ungeuonyesha mtaa mzima kwamba hakumfunga shemeji yake bure. Kwa sababu hiyo aliuogopa. Akiusema, nani ataamini kwamba hasemi kwa ajili yake mwenyewe?

"Utamwambia Daktari?" aliuliza mkewe.

"Wewe unataka nimwambie?"

"Usinitupie mimi."

"Ni ndugu yako."

"Na kazi ni yako. Na bahasha nilijaza mimi. Sijui ninachotaka, usiniulize tena."

Nje ya pazia mtu alikohoa. Mama mkwe alikuwa pale pale na ungo wake.

"Mwambie mumeo," alisema, "mimi sikusikia kitu."

*

Siku iliyofuata wanawake wawili walikwenda mahakamani. Walipanga foleni dirisha la kwanza, wakaambiwa ni la pili, na la pili likawarudisha la kwanza. Karani aliwauliza shida yao, na alipoisikia akamgeukia mwenzake akaguna kama njiwa, wakacheka wote wawili. "Nyie wa njiwa simameni pembeni kidogo," alisema, akamhudumia mtu mwenye tai aliyekuja baada yao, na baada yake mwingine. Mama mkwe alisimama na mkoba wake kifuani. Alikuwa amevaa nguo anayovaa kwenye harusi, na Mama Njiwa alitamani asingeivaa.

Hata hivyo karani hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu amekaa sana dirishani. Foleni ilipopungua aliwaita, akawaeleza taratibu, mara mbili, maana mara ya kwanza mama mkwe hakuelewa. Kuua ndege wa kawaida bila kibali ni kosa dogo, na muda ambao Fundi ameshakaa ndani unazidi adhabu yake. Daktari akiandika kwamba njiwa wale ni wa kawaida, hakimu atalitazama upya shauri lile, na haoni kwa nini asimwachie.

"Kwa hiyo mwanangu hakuua?" aliuliza mama mkwe.

"Aliua, bibi. Ila ndege aliyemuua si yule aliyefungwa kwa ajili yake."

Mama mkwe alimtazama binti yake amweleze. Binti yake alimshika mkono. Walitoka wakapita ofisini kwa Daktari, ambaye aliwasikiliza akiwa amesimama, akasema ataandika, na ataileta barua mwenyewe nyumbani kwao, kwa kuwa ana jambo la kumuuliza Mlinzi.

*

Alikuja Ijumaa alasiri. Alipewa kiti chenye mto, akapewa chai, akaisahau. Mlinzi alikaa kwenye kiti kidogo mbele yake, mkewe kando ya mlango wa jikoni, mama mkwe pale pale alipokaa siku zote. Barua ilikuwa tayari mezani, imepigwa chapa, mahali pa sahihi peupe.

Daktari alizunguka kidogo kwa maneno. Alisema amemfuatilia njiwa huyu tangu akiwa mwanafunzi. Alimjua kwa sauti, alimjua kwa namna anavyotua, na moyo wake ulikataa kwamba ni yule wa bara. Lakini moyo si kipimo. Amesoma majibu mpaka macho yakauma na hakuona kosa. Kama kosa lipo, basi liko kabla ya maabara.

"Nitaweka sahihi," alisema. "Ila kwanza niambie jambo moja tu, Bwana Mlinzi. Yale manyoya, yote uliyatoa msituni?"

Aliuliza kama mtu anayeomba maji. Akaongeza haraka kwamba hakuna wa kulaumiwa, makosa hutokea, na kama kuna shaka hata ya unyoya mmoja, ataiweka barua kando na kuomba vipimo virudiwe. Ni suala la mwaka mmoja, pengine zaidi.

Mama Njiwa aliangalia mikono ya mumewe. Mama mkwe alinyanyua macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya filimbi alimtazama mkwe wake usoni. Hakuwa na chuki machoni. Alikuwa amechoka, basi, na alikuwa anangoja.

Mlinzi alikumbuka Fundi amesimama kwenye majani marefu na gunia lake, akitabasamu kwa kuwa aliyemwona ni mtu wa nyumbani. "Shemeji, si hujaniona?" aliuliza siku ile. Ilikuwa imebaki kusema ndiyo, sijakuona, na kuendelea na safari. Siku ile uongo ulikuwa mdogo, ungeingia kwenye gunia pamoja na ndege wawili. Leo ulikuwa na ukubwa wa msitu mzima.

"Yote ya msituni," alisema. "Niliyatoa kwa mkono wangu."

Daktari hakushika kalamu mara moja. Alingoja, kama vile anampa nafasi ya kukohoa na kusema neno jingine. Mama Njiwa naye alivuta pumzi, na mtu aliyekuwa karibu naye angedhani anataka kusema. Alinyanyua birika akaongeza chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikamwagikia sahani. Ndipo Daktari akaweka sahihi, akasukuma barua upande wa mama mkwe, na akaondoka bila kumaliza hata nusu ya chai.

"Mwambie mumeo asante," alisema mama mkwe alipokwisha kuikunja ile barua.

*

Fundi alitoka amekonda na kicheko chake kimepungua sauti, lakini kilikuwa bado chake. Mradi ulifungwa. Lile bango mtu aliliomba akazibia paa la banda la kuku, picha imetazama chini. Mlinzi alirudisha sare imefuliwa na kupigwa pasi, akapata kazi ya kulinda ghala la saruji, ambako hakuna aliyemuuliza saruji ni ya ukoo gani. Kizimba kilifunguliwa. Wengine waliruka siku ile ile. Wengine walishinda juu ya nyavu wakimngoja Mama Njiwa, na yeye alikuwa ameagizwa asiwalishe tena, basi akawa anapita barabara ya pili.

Msituni sasa aliingia anayetaka. Vijana walitoka na manati shingoni na hawakujificha. Watu walimtania Mlinzi dukani, wakimwita mlinzi wa hewa, naye akacheka pamoja nao kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Daktari alihama bila kuaga. Wengine walisema amekwenda kupima kasa, wengine walisema anaumwa. Nyumbani mke na mume hawakuzungumza tena habari za bahasha. Kuna wakati Mama Njiwa alijiambia kwamba majibu yalikuwa ya kweli, na siku hiyo alilala vizuri. Siku nyingine alijiambia kinyume chake. Mlinzi hakumuuliza siku ya leo ni ipi.

Jumapili moja Mama Njiwa alirudi kutoka kununua mafuta ya kupikia, akakuta nyumba inanukia nyama. Fundi alikuwa barazani anafunga manati yake, furaha imemjaa. Tangu atoke alikuwa anatafuta namna ya kumaliza yale ya zamani na shemeji yake, na leo ameipata. "Leo namlisha mimi," alisema. "Tule wote, tusahau." Hakuna aliyekuwa amemweleza Fundi habari za manyoya.

Kando ya mlango kulikuwa na ndoo ya maji ya moto yaliyopoa. Mama Njiwa alichuchumaa akaingiza mkono. Alitoa manyoya mengi, akayatandaza kiganjani, akatafuta rangi ya kutu. Yalikuwa yameloana na kugandana, kijivu chote, hakuna la huyu wala la yule.

"Uliwapata wapi?"

"Pale msitu unapoanzia. Mmoja alinisumbua, ikabidi nimfukuzie. Huyu mwingine wala sikutumia nguvu." Fundi alicheka. "Alinijia mwenyewe, dada. Akatua karibu kabisa, kama ananijua."

Mama Njiwa alirudisha manyoya kwenye ndoo. Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akaingia ndani.

Walikaa mezani wote wanne, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu siku ya filimbi. Mama mkwe alipakua mwenyewe. Alichagua kidari, akakiweka kwenye sahani ya Mlinzi, akaongeza mchuzi. Mama Njiwa alinyoosha mkono apokee sahani aipitishe, kama kawaida yao, lakini mama yake alimpita, akaiweka mbele ya mkwe wake, akamtazama.

"Kula, mwanangu," alisema. "Ni njiwa tu."

Mlinzi alingoja, kwa mazoea, mkewe amfikishie maneno hayo. Mkewe alikuwa ameinamia sahani yake, hakufikisha kitu. Mfupa wa kidari ulikuwa mdogo, haukuwa na alama yoyote. Fundi alimtazama kwa matumaini ya mtoto. Mlinzi alinawa, akamega, akatafuna muda mrefu.

"Mtamu, shemeji?"

"Mtamu."

Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, mbele ya mkewe, na sauti yake ilitoka imekauka kidogo.

"Mama," alisema, "naomba chumvi."